Magari Yaelekeayo Magharibi

Arlen Dreiling alikuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa kaunti ya Lindell, huko magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, na kila uchaguzi alishinda bila kutoka jasho. Si kwamba alikuwa fundi wa maneno, la. Watu walimpenda kwa sababu ukimwita, anakuja. Ng'ombe wako wakivunja ua na kujimwaga barabarani huku theluji inaanguka, Arlen angefika mwenyewe na kofia yake kuukuu, akawaswaga kwa fimbo na matusi madogo madogo mpaka ng'ombe wa mwisho arudi zizini. Kwa hiyo chama cha masherifu kilipompigia simu kumwambia kwamba kimemteua aende Topeka, makao makuu ya jimbo, akazungumze mbele ya kamati ya seneti, alidhani wamekosea namba.

"Hatujakosea," alisema Garth Pickrell, mwenyekiti wa chama. "Wasemaji tunao tele. Tunamtaka mtu ambaye wakimtazama usoni watamwamini."

Kilichokuwa kikiwakosesha masherifu raha ni muswada. Kwa sheria iliyokuwapo, polisi akisimamisha gari na kuona dalili kwamba gari hilo, au pesa zilizomo, zina mkono wa biashara ya dawa za kulevya, aliweza kuvitwaa vyote hata kama dereva hakushtakiwa kwa lolote. Kesi ilifunguliwa juu ya mali, si juu ya mtu. Mali ikishindwa, ilibaki kuwa ya ofisi ile ile iliyoitwaa. Sasa maseneta wachache walitaka kwanza mwenye mali atiwe hatiani mahakamani, ndipo mali yake iguswe. Na kitakachopatikana kiende kwenye shule, kisiende kwa polisi.

Arlen aliupinga muswada huo kwa moyo mweupe. Lindell ilikuwa kaunti ya ng'ombe wengi na watu wachache, na makamishna wake walishika mfuko wa kodi kama mtu anayeshika paka asiyetaka kushikwa. Redio za ofisi yake zilitokana na mali zilizotwaliwa. Fulana za kuzuia risasi, vivyo hivyo. Hata Juno, mbwa wa kunusa, alinunuliwa kwa fedha hizo, na nusu ya mshahara wa Tess Wasinger aliyemwongoza ilitoka huko huko.

Tess ndiye aliyempeleka Topeka. Alikuwa naibu wake hodari kupita wote, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Ilikuwa mwezi wa Machi. Upepo ulikuwa ukilisukuma gari kando kando, na mashambani ngano ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kurudisha ukijani wake baada ya baridi.

"Hebu isome tena hotuba yako," Tess alisema, macho barabarani.

"Nimeisoma mpaka maneno yamechakaa."

"Ile sehemu ya Juno unaikimbia, mzee. Hapo ndipo pa kuwaliza."

"Sitaki kumliza mtu. Nataka wapige kura, turudi nyumbani kabla Bernadine hajamnenepesha mbwa wako."

"Nilimwambia mkeo asimpe soseji."

"Ulimwambia. Na mimi daktari aliniambia nisile soseji. Unaona tulipofika?"

Tess alicheka. Lakini walipokaribia mji akasema, safari hii bila mzaha, "Usiwe mpole sana mle ndani, bosi. Hao hawajawahi kulisogelea gari gizani wasijue nani ameshika nini. Waambie."

"Nitawaambia," Arlen alisema, na alimaanisha.

Jengo la bunge lilikuwa limejaa watu. Kamati ilikuwa imeanza na muswada mwingine, wa maji ya visima, na mtu yeyote aliyekaa magharibi mwa Kansas anajua kwamba wakulima wakianza kugombania maji, hakuna kikao kinachoisha kwa wakati. Tess akaenda kukaa na maofisa wenzake waliokuwa wamekusanyika karibu na ngazi. Arlen hakupenda kelele. Akaona benchi la mbao ukutani, mwanamume mmoja amekaa upande mmoja, akaenda kuketi upande wa pili. Kwa ushauri wa Pickrell alikuwa amevaa suti, kwa hiyo hakuna aliyemtazama mara mbili.

Yule jirani yake wa benchi alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, mikono imejaa makovu madogo madogo kama ya mtu aliyerushiwa cheche maisha yake yote. Alikuwa na mfuko magotini. Muda ulivyokwenda akaufungua, akatoa tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama na kuvikwa maganda ya mahindi, akaanza kula polepole.

Arlen alikumbuka kwamba naye ana chakula. Bernadine alikuwa amemfungia mikate yake ya nyama na kabichi, ile ambayo Wajerumani wa huko waliirithi kutoka kwa babu zao. Lakini harufu ya pilipili ilikuwa imeshamfikia.

"Karibu," yule mtu akasema, akimnyooshea tamale moja. "Mke wangu hupika kama anayelisha kanisa."

"Wangu pia." Arlen akampa mkate mmoja. "Tubadilishane kabla hawajatuita."

Wakala pamoja. Yule mtu alijitambulisha kuwa ni Ramiro Quezada, fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, matrela na mabirika ya kunyweshea ng'ombe.

"Umekuja kwa ajili ya visima?" Arlen aliuliza.

"Hapana, mzee. Mimi nimekuja kwa ajili ya pikapu."

"Pikapu imefanya nini?"

"Ndilo ninalouliza na mimi. Mimi sijashtakiwa. Aliyeshtakiwa ni pikapu. Wameandika hivyo hivyo: Jimbo la Kansas dhidi ya pikapu moja nyeupe. Nikamuuliza karani, sasa hii pikapu itajitetea vipi, ipige honi?"

Arlen aliangua kicheko kabla hajajizuia. Alijua kesi huandikwa hivyo. Alikuwa amezitia saini nyingi mno hata akaacha kuona kichekesho chake.

Ramiro akaendelea bila kupandisha sauti. Vuli iliyopita alikuwa akienda mnada wa vifaa vya shamba, ng'ambo ya mpaka wa Colorado. Alitaka mashine ya kukatia bati, na wenye mnada ule hawapokei hundi, kwa hiyo alibeba pesa taslimu ndani ya sanduku la vifaa. Akasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua. Mbwa akaletwa, akaizunguka pikapu, akaketi, yaani amenusa dawa. Walipekua kila kitu wasione dawa wala unga, ila pesa. Wakazichukua. Wakaichukua na pikapu, pamoja na mashine yake ya kuchomelea iliyofungwa nyuma, maana pikapu ndiyo iliyozibeba pesa.

"Nikarudi nyumbani kwa basi," Ramiro alisema. "Ukiniondolea ile mashine, mimi ni mtu wa kukaa kibarazani tu. Majira yote ya baridi nimefanya kibarua machinjioni. Wakili wa kwanza akaniambia nikubali wanirudishie nusu, yaishe. Nikamwambia, nusu ya pikapu ndiyo ipi, ya mbele au ya nyuma?"

Safari hii Arlen hakucheka. "Ilikuwa kaunti gani?" aliuliza, ingawa tayari alikuwa ameshaanza kukisia.

"Lindell."

Arlen aliiweka tamale chini. Alikuwa akiiona pikapu ile kila asubuhi, kwenye uwanja wenye uzio nyuma ya ofisi yake. Siku moja alifunua turubai akaitazama ile mashine, akasema moyoni kwamba ingewafaa sana mafundi wa karakana ya kaunti. Hakuwa amejiuliza ni ya nani. Karatasi zilikuwa zimekamilika, taarifa ya mbwa kuketi imo, saini ya Tess imo, na yake imo.

Akafuta mikono kwa leso. "Bwana Quezada, si haki tuendelee kula hivi. Mimi ndiye sherifu wa Lindell."

"Najua," Ramiro alisema. "Picha yako iko kwenye bango pale mtu anapoingia mjini kwenu."

"Ulinijua tangu nilipoketi?"

"Nilitaka kuhama. Halafu nikasema, kwa nini nihame mimi? Benchi nililikuta mimi kwanza."

"Na bado ukanipa chakula chako."

"Ulikuwa unakitazama."

Arlen akakunja maganda ya tamale.  Kuomba radhi kungekuwa kudanganya, maana kwa sheria hakuna aliyekosea. Na kuitetea sheria mbele ya mtu aliyekuwa akitafuna mkate wa Bernadine aliona aibu. Hapo ndipo Tess alipokuja kumwambia kwamba visima vimekwisha. Alimtazama Ramiro mara moja tu, akamtambua.

"Habari yako, bwana," alisema kwa adabu kavu.

"Nzuri, ofisa. Mbwa hajambo?"

"Hajambo. Na aliketi, bwana. Mbwa hana sababu ya kudanganya."

"Mimi simlaumu mbwa," Ramiro akajibu.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa wote ndani.

Ukumbi wa kamati haukuwa mkubwa. Maseneta waliketi nyuma ya meza ndefu yenye umbo la kwato. Walizungumza watu kadhaa, na Ramiro akiwa mmoja wao. Alieleza yale yale aliyoyaeleza kwenye benchi, ila alipofika kwenye kisa cha honi hakuna aliyecheka. Hakutaja jina la Arlen. Alisema tu, "walionisimamisha," akaketi.

Kisha Arlen akaenda mbele ya kipaza sauti. Alisoma hotuba yake vizuri. Alisema dawa zinaua watoto wa watu, na kila mmoja mle ndani alijua ni kweli. Akasema wenye biashara hiyo hawatembei na dawa na pesa kwenye gari moja, kwa hiyo kungoja hatia ya mahakama ni kuwaachia wapite wakicheka. Akasema habari za redio, za fulana, na hata za Juno, taratibu, kama Tess alivyotaka. Nyuma yake alisikia viti vikilia kwa kuridhika. Pickrell alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha.

"Kuna maswali?" mwenyekiti wa kamati aliuliza.

Mama mmoja mwishoni mwa meza akavua miwani yake. Alikuwa Seneta Verda Unruh, mfugaji, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na hakuwa amesema kitu tangu asubuhi isipokuwa juu ya visima.

"Sherifu, mimi ni muuza ng'ombe, sikusomea sheria," alisema. "Univumilie. Barabara kuu inapita katikati ya kaunti yako, sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Dawa zinatoka magharibi, zinakwenda mashariki kwenye miji mikubwa. Nimeelewa vizuri?"

"Umeelewa, mama. Kwa kawaida ndivyo."

"Na zikishauzwa, pesa ndizo zinazorudi magharibi."

"Ndiyo."

"Haya. Magari yako ya doria huegeshwa upande gani?"

Lilikuwa swali dogo, na mama yule aliliuliza bila kejeli, kama anayeuliza kisima kiko upande gani wa boma. Arlen alikuwa na jibu. Kando ya barabara upande wa kwenda magharibi ni pana, na kuna daraja ambalo gari la doria linajificha vizuri chini yake. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na alikuwa amelitoa mara nyingi kwa makamishna na kwa mtu mmoja wa gazeti.

"Upande wa kwenda magharibi," alisema.

"Yote?"

"Mara nyingi, yote."

"Kwa nini?"

"Kando ya barabara upande ule ni pana, mama," Arlen akaanza. Kisha akanyamaza.  Hakumfikiria Ramiro wakati ule, wala pikapu. Baadaye watu walidhani hivyo, lakini haikuwa hivyo. Alichokifikiria ni kwamba mama huyu amemuuliza jambo kwa sababu hajui na anataka kujua, na kwamba yeye Arlen analijua. "Hiyo ni kweli," akasema, "lakini siyo sababu. Sababu ni kwamba dawa tukizikamata, tunazichoma. Pesa tukizikamata, tunanunua redio."

Hakuna kiti kilicholia tena.

"Hakuna aliyetuamuru," aliendelea. "Mimi sikuwaamuru vijana wangu, wala wao hawakuniomba. Ofisi ilikuwa na shida, na upande mmoja wa barabara ulikuwa unalipa. Mtu huzoea. Ningali naamini mfanyabiashara wa dawa anapaswa kunyang'anywa kila kitu mpaka viatu. Ninyi msiifute sheria hii yote. Lakini kama mnataka niwalinde watoto wa jimbo hili, nilipieni redio kama mnavyolipia barabara, ili nikiegesha gari niangalie upande wenye dawa."

"Asante, sherifu," Seneta Unruh alisema, akavaa miwani yake. "Sina swali jingine."

Nje, Pickrell alimngoja karibu na ngazi, uso umemwiva.

"Arlen, tulikutuma utuvushe, umetutosa."

"Nimeulizwa, Garth. Nimejibu."

"Umeulizwa gari linaegeshwa wapi! Ungesema chini ya daraja, ukanyamaza! Kwako huko kwenu ni redio. Kwangu mimi ni maofisa wanne wenye watoto, wanaolipwa kwa pesa hizo. Nikawaambie nini?"

Arlen aliona ni swali la haki. Alimtafuta Ramiro kwa macho, lakini alikuwa ameshaondoka.

Kurudi nyumbani Tess aliendesha gari bila kusema neno mpaka miji ikaisha na mashamba yakaanza. Arlen alijua kwamba kimya cha Tess ni kama mawingu ya Mei. La muhimu ni kutokuwa katikati ya uwanja yanapopasuka.

"Unakumbuka yule binti wa kina Kastner?" hatimaye alisema. "Vidonge vilimuua. Alikuwa bado na kofia ya mahafali chumbani."

"Nakumbuka. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake."

"Basi aliyeleta vile vidonge alifanya kwa ajili ya nini? Kwa pesa. Hizo hizo zinazokwenda magharibi. Ukikata pesa umekata mzizi, mzee. Ukikamata dawa umechuma jani. Hilo ungeweza kumwambia yule mama. Ni kweli pia."

"Ni kweli."

"Na hii?" Akajipiga kifuani, pale ambapo fulana ilikuwa chini ya sare. Miaka miwili nyuma risasi ilimpata hapo hapo, kando ya barabara ile ile, na kilichombakia ni alama ya buluu iliyokaa wiki kadhaa. "Hii waliinunua makamishna? Au waliinunua watu wa kanisa kwa kuuza keki?"

"Hapana, binti. Najua nani aliyeinunua."

"Basi umeniweka wapi, bosi? Nimesimamisha magari kwa mikono yangu hii nikiamini nafanya kazi. Umekwenda kuwaambia watu kwamba nilikuwa natafuta redio."

Hilo lilimwingia Arlen kuliko yote aliyoambiwa siku ile. "Sikusema wewe," alijibu kwa sauti ya chini. "Nilisema sisi. Na wa kwanza ni mimi."

"Sisi ni mimi," Tess akasema. 

Muswada ulipita umekatwa mikono. Sharti la kutia mtu hatiani liliondolewa. Lile la shule nalo likaondolewa. Kilichobaki ni kwamba polisi walitakiwa kuleta ushahidi mzito zaidi kabla mali haijawa yao, na kwamba mtu akishinda, wakili wake alipwe na walioitwaa. Masherifu wengine walisema wameokoka, wengine walisema wamekwisha. Seneta Unruh aliliambia gazeti moja kwamba nusu ya ndoo ni bora kuliko kiu.

Arlen hakungoja muswada. Wiki ile ile aliyorudi kutoka Topeka aliwaita manaibu wake, akawaambia kwamba kuanzia sasa magari yataangalia wanaokwenda mashariki. Walinung'unika, wakaenda. Kisha akaenda mbele ya makamishna wa kaunti kuomba fedha za ofisi. Walimweka amesimama muda mrefu, wakampa nusu ya alichoomba na ushauri mwingi ambao hakuuomba. Redio hazikubadilishwa mwaka ule. Doria za usiku zikapunguzwa.

Mwezi wa Mei Tess akaja ofisini na Juno pembeni yake. Kaunti ya jirani ilikuwa imempa kazi, na ilikuwa tayari kumnunua mbwa.

"Kule bado wanaegesha upande wa magharibi," Arlen alisema.

"Ndiyo. Na mimi bado naona ni sawa." Akamkuna mbwa shingoni. "Sikuchukii, mzee. Nilikasirika, zimepita. Ila siwezi kufanya kazi kila siku nikijiuliza nilichofanya jana kilikuwa nini."

"Wewe ni polisi mzuri, Tess. Mzuri kuliko mimi."

"Hilo najua," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akatabasamu. Bernadine alilia Juno alipopanda gari. Arlen hakulia, lakini jioni ile alikula soseji mbili na mkewe hakumsema.

Kuhusu pikapu, alikuwa amekwenda kwa mwanasheria wa kaunti na kumwomba aifute kesi. Mwanasheria alikuna kichwa, akasema itaonekana vibaya. Arlen akasema imeshaonekana vibaya. Hakimu hakuwa na haraka, likizo ikaingia katikati, na saini ya mwisho ilipopatikana, ngano ilikuwa imeiva na mashine za kuvunia zinanguruma kila upande.

Ramiro alikuja na shemeji yake, aliyemshusha getini akaenda kutafuta mafuta. Arlen alimpa bahasha ya pesa zake na funguo, kisha wakaenda wote wawili uwanjani. Pikapu haikuwa ile iliyoingia mle vuli. Mvua ya mawe ilikuwa imepasua kioo cha mbele. Panya walikuwa wamefanya kiota ndani ya kiti.  Ramiro alifunua turubai, akaigusa mashine yake ya kuchomelea hapa na pale, kama daktari anayempapasa mtoto, akavuta kamba ya kuiwashia. Ikakohoa. Akaivuta tena, ikanguruma. Akaizima.

Pikapu yenyewe ilikataa hata kupiga kelele.

"Betri," Ramiro alisema.

Arlen akalisogeza gari la doria pua kwa pua na pikapu, akaleta waya za kubusti betri. Wakaziunga bila kuambizana nani ashike nini. Walipokuwa wanangoja betri ipate nguvu, Arlen akasema, "Kioo nitakilipia mimi. Si kaunti. Mimi."

"Sawa."

"Na mnada wako ulipita."

"Ulipita. Ile mashine ya kukatia bati ilichukuliwa na mtu wa Nebraska." Ramiro aliegemea boneti, mikono kifuani. "Mzee, nikuulize kitu. Yule mama asingekuuliza upande gani wa barabara, ungesema?"

Arlen aliitazama barabara kuu, mbali kule, malori yakipita kimya kama wadudu juu ya uzi. Alitamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angeweza kumpinga.

"Hapana," alisema. "Nisingesema. Ningesoma karatasi yangu, nikarudi nyumbani."

 Ramiro akaitikia kwa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu aliyeuliza kipimo cha chuma akaambiwa kipimo sahihi.

"Haya," akasema. "Hebu kanyaga mafuta kidogo."

Arlen akaingia kwenye gari la doria, akakanyaga. Ramiro akazungusha ufunguo. Injini ilijikaza, ikatetemeka, ikashika, na panya mmoja akaruka kutoka chini ya boneti akakimbilia majanini. Ramiro akachomoa waya, akazikunja vizuri, akamkabidhi Arlen. Halafu akapanda, akainama ili aone kupitia sehemu ya kioo ambayo haikupasuka, akatoka getini taratibu kuelekea nyumbani, ambako mageti ya watu yalikuwa yakimngoja tangu vuli.